Kutoka Wazo Kwenda Tunguu

Shule ya msingi tulikaririshwa kwamba mahitaji ya lazima ya binadamu ni matatu: chakula, mavazi na malazi. Mwalimu akiuliza, darasa zima linajibu kwa sauti moja. Sikuwa na ugomvi na orodha hiyo hadi niliposoma kwamba Tunguu, kisiwani Unguja, Wamarekani waliwahi kuweka kituo cha kusikiliza mwili wa mtu aliye angani. Si maneno yake tu. Mapigo ya moyo wake, pumzi zake, joto lake. Watu waliotoka Marekani mpaka Unguja kuja kusikiliza mtu mmoja akipumua lazima walikuwa na orodha nyingine mkononi, nikataka kwenda kupaona mahali ilipokuwa ikikaguliwa.

Kulikuwa na sababu ya pili: nilikuwa sijawahi kufika Unguja. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam na kuziona boti zikiondoka kila apitapo karibu na bandari, hilo linahitaji maelezo. Sina, ila najua mtu huahirisha safari fupi kwa urahisi kuliko ndefu.

Nilimchukua mpwa wangu, ambaye ni fundi bomba. Sisi tuliojenga Wazo tunamheshimu fundi bomba kuliko diwani. Kata yetu iko Wilaya ya Kinondoni, kaskazini mwa jiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na maji tunayokunywa huanza mwendo wake milima ya Uluguru, yakateremka na Mto Ruvu, yakasafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Chini uliojengwa mwaka 1976 upande wa Bagamoyo, ndipo yasukumwe kwa bomba kuelekea mjini. Presha ikishuka, nyumba za juu kilimani hukauka kwanza. Mwishoni mwa 2022 ukame ulipoupunguza Ruvu na jiji zima likaingia kwenye mgao, kila kaya ikajua ni ndoo ngapi za kupikia, ngapi za kuogea, na maji ya kufulia yanaweza kumwagwa chooni badala ya uani. Ndiyo maana huku simtank juu ya mnara wa matofali ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo.

Mpwa wangu ana msemo wake wa kazini. “Mjomba, kuingiza maji ndani ya nyumba si kazi. Kazi ni kuyatoa.” Anasema wateja wote huuliza habari za koki na shawa, hakuna anayeuliza mlalo wa bomba la maji machafu, chemba zikae wapi, wala karo lina ukubwa gani, mpaka siku choo kinapoanza kurudisha. Nilikuwa nikiyachukulia hayo kuwa manung’uniko ya fundi. Safari hii ilinifanya niyasikilize upya.

Tulitoka alfajiri kwa bajaji hadi Tegeta Kwa Ndevu, tukipishana na malori ya saruji yaliyoanza kazi kabla ya jogoo. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, na kilikuja hapa kwa sababu ya kilima chenyewe. Kilima hiki ni chokaa. Mawe yake yalijengwa na matumbawe na viumbe wengine wa baharini mamilioni ya miaka iliyopita, bahari ilipokuwa imelala pale ambapo leo tumechimba misingi. Viumbe hao walichukua hewa ukaa iliyoyeyuka majini, wakaifunga pamoja na kalsiamu, wakajifanyia magamba na mifupa. Tanuri la saruji, ambalo joto lake hufikia nyuzi 1,450 hivi, hulilazimisha jiwe kuiachia hewa hiyo. Katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 hupanda juu zikiwa hewa ukaa, na kubaki kilo 56 za chokaa.

Nilimweleza mpwa wangu haya tukiwa tumesimama ndani ya daladala la Makumbusho. Akanitazama. “Kwa hiyo kilima nacho kinatoa pumzi?” Kabla sijajibu konda akamsukuma asogee nyuma, kuna nafasi.

Toka Makumbusho tulipanda gari jingine mpaka Posta, tukamalizia kwa miguu hadi bandarini. Boti ya mwendo kasi huchukua saa mbili hivi kuvuka, na jambo la kwanza alilolifanya mhudumu baada ya kung’oa nanga lilikuwa kupita na mifuko ya kutapikia. Hakuleta maji wala biskuti. Alijua abiria wake wanahitaji nini. Mkondo wa Zanzibar ulikuwa umechafuka kidogo, na mpwa wangu, anayepanda ngazi za minara ya matangi bila kushika popote, akawa wa kwanza kuukunjua mfuko wake. Mama mmoja wa Kizanzibari aliyekaa kando yake alimpa kipande cha ndimu anuse. “Pole mwanangu. Tazama mbali kule, usitazame miguuni.”

Mama yule alikuwa na sayansi sahihi. Macho yakiona sakafu imetulia huku kiungo cha mizani kilichomo sikioni kikisema tunapanda na kushuka, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Angani hali ni hiyo hiyo, tena huko hakuna upeo wa macho wa kuutazama, wala juu na chini. Mrusi Gherman Titov, aliyekaa angani siku nzima mwezi Agosti 1961, ndiye binadamu wa kwanza kuugua huko, na wengi waliomfuata yamewakuta.

Alipopata nafuu, fundi akarudi kwenye fani yake. “Mjomba, huyo mtu wako wa angani, haja ndogo alikwenda wapi?”

Swali hilo wahandisi wa Marekani walilisahau. Mmarekani wa kwanza kwenda angani, Alan Shepard, alirushwa tarehe 5 Mei 1961 kwa safari ya dakika 15 tu, na kwa dakika 15 nani atahangaika na choo? Lakini kurusha kuliahirishwa na kuahirishwa tena, naye amefungwa mikanda ndani ya chombo kwa zaidi ya saa nne, tangu kabla ya jua kuchomoza. Alipoomba kutoka alikataliwa. Mwishowe wakazima umeme wa vipimo vilivyobandikwa mwilini mwake wakamwambia amalize shida yake ndani ya suti. Taifa tajiri kuliko yote duniani, lililopiga hesabu za mafuta, chuma na moto, lilikuwa halijapiga hesabu ya kibofu. Mpwa wangu alicheka hadi yule mama akamtazama kuona kama kichefuchefu kimegeuka kuwa kitu kingine. Miezi tisa baadaye John Glenn, mtu niliyekuwa nikimfuata Tunguu, alivalishwa mfuko wa kukusanyia mkojo.

Mkojo unavumilika kidogo. Pumzi haivumiliki. Mtu mmoja hutumia takribani kilo 0.84 za oksijeni kwa siku na kutoa hewa ukaa karibu kilo nzima. Juu ya ardhi hatuigusi hesabu hiyo: miti inapokea, nyasi zinapokea, na mle mle baharini tulimokuwa tukiruka na boti mna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao pamoja na wenzao wa bahari zote huzalisha karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani. Lakini mfungie mtu ndani ya chumba kisichopitisha hewa, umwekee oksijeni tele, na bado atakufa, kwa sababu pumzi anayoitoa itajaa na kumlewesha kabla oksijeni haijamwishia. Waliokuwa ndani ya Apollo 13 mwezi Aprili 1970 walikuwa na oksijeni ya kutosha katika kile chombo kidogo walichokimbilia baada ya tangi kulipuka. Kilichokuwa kinawamaliza ni hewa waliyokwisha kuipumua. Vichujio vya ziada vilikuwepo lakini vilikuwa vya umbo la mraba, na nafasi ilikuwa ya duara, ikabidi waunganishe kwa mpira wa suti, mifuko ya plastiki, jalada la kitabu na gundi ya utepe.

“Kama kuunga bomba la inchi moja na la nusu ukiwa huna soketi,” alisema mpwa wangu, kwa heshima kubwa.

Tukashuka. Mji Mkongwe nilikuwa nimeuona kwenye kalenda na khanga, sikutegemea uniongezee kitu katika hoja hii, nao ukaniongezea. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa iliyochomwa kisiwani, kwa magogo na mawe yaliyopangwa duara. Chokaa ikishachomwa imepoteza ile hewa yake, na ikishapakwa ukutani huanza kuinyonya tena kutoka hewani, taratibu, miaka na miaka, hadi irudi kuwa jiwe. Ndivyo inavyokauka na kuwa ngumu. Kwa hiyo ukuta wa Shangani uliopakwa na babu wa mtu umekuwa ukichukua pumzi za wapitao. Ndani ya chombo cha Glenn kulikuwa na mkebe wa lithiamu haidroksidi uliofanya kazi ya aina hiyo hiyo, kuikamata hewa ukaa na kuigeuza kitu kigumu, isipokuwa ulifanya haraka na ulikuwa na mwisho. Wazo tunaitoa hewa kwenye jiwe, Mji Mkongwe jiwe linaichukua, na mwanaanga hufungasha kipande cha kazi hiyo na kwenda nacho. Nilisimama kwenye uchochoro nikimweleza mpwa wangu hayo mpaka kijana mwenye mkokoteni akatuambia tupishe njia.

Daladala la njia ya Makunduchi hupita Tunguu. Tulikaa na mzee mmoja mwenye kofia na kapu la ndizi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mnatoka bara?”

Tukamwambia tunatoka Dar, Wazo, kule kwenye saruji. Saruji aliijua. Alipouliza tunakwenda kwa nani Tunguu, nikamwambia tunafuata habari za kile kituo cha zamani cha Wamarekani. Akaliweka kapu vizuri katikati ya miguu.

“Aa, pale! Sisi tukiambiwa patawekwa roketi. Watu walikuwa hawataki, bwana. Kulikuwa na kelele kubwa.”

Kelele zilikuwepo kweli. Makubaliano ya kituo yalifanywa mwaka 1960, Unguja ikiwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza, na wanasiasa wa hapa walipinga kwa mikutano na maandamano wakisema kisiwa kinatiwa katika vita vya wakubwa. Walioandika baadaye hupenda kuwacheka, eti waliogopa milingoti ya redio. Mimi siwacheki. Atlas, roketi iliyombeba Glenn, ilibuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia, na mtu aliyeshuku chombo kinachohusiana nayo alikuwa na akili zake timamu. Ila kituo chenyewe hakikurusha chochote. Kilikuwa kimoja kati ya vituo 18 vilivyopangwa kuizunguka dunia, viwili vikiwa melini, kingine kikiwa Kano, Nigeria, ili mtu anayekwenda kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa akitoka masikioni mwa kimoja aingie kwa kingine baada ya muda mfupi. Kila kituo kilikuwa na dakika chache tu za kumsikia. Na kila kituo kikubwa kilikuwa na daktari.

Glenn alirushwa Florida tarehe 20 Februari 1962 na kuizunguka dunia mara tatu katika muda wa saa nne na dakika 55. Alipofika juu ya pwani yetu mzunguko wa kwanza, saa za hapa zilikuwa saa kumi na mbili jioni na dakika kadhaa, jua likikaribia kuzama. Juu kwa juu hakuwa mbali nasi sana. Daktari wa Unguja akamuuliza hali. Glenn alikuwa na kamba ya mpira ndani ya chombo, akaivuta kwa nguvu mara nyingi kuufanyisha moyo wake kazi, kisha akapima presha ya damu, na vipimo vikashuka Tunguu kwa redio vikajichora kwenye karatasi. Wakati ule madaktari walikuwa bado wanachunguza jinsi moyo wa binadamu unavyofanya kazi mahali ambapo damu haina uzito. Baada ya hapo akaingia usiku juu ya Bahari ya Hindi.

Nilikuwa nimeipiga ile tarehe kwenye kalenda ya Kiislamu kabla ya kusafiri. Ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381. Nilipomwambia mzee hivyo alinyamaza akihesabu kwa vidole, kisha uso ukamfunguka.

“Basi sisi tulikuwa tunangoja futari.”

Ndivyo. Glenn alipita juu ya kisiwa ambacho wengi wa watu wake hawakuwa wametia kitu kinywani tangu alfajiri, na vyungu vilikuwa jikoni. Na katika safari hiyo alikula rojo la tofaa alilolikamua kutoka kwenye tyubu kama dawa ya meno, akawa Mmarekani wa kwanza kula angani. Kuna waliodhani chakula kitakwama kooni kwa kukosa uzito wa kukiteremsha. Hakikukwama.

“Msafiri ana ruhusa,” alisema mzee, akimtetea mtu asiyemjua, asiye hata Muislamu.

Hilo lilikuja kuwa suala la kweli. Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda Kituo cha Kimataifa cha Anga Ramadhani ikiwa ukingoni, na sikukuu ya Idi ikamkuta huko huko. Kituo kile huizunguka dunia kila dakika 90, kwa hiyo jua huzama mara 16 kwa siku moja. Ufunge kwa jua lipi? Wanazuoni wa Malaysia walikaa wakatoa mwongozo: afuate saa za mahali aliporushiwa, kibla akielekee kadiri awezavyo, na akitaka alipe saumu akirudi. Mzee alitikisa kichwa kuafiki. Kwake hakukuwa na jipya hapo, mtu aliye safarini ana hukumu zake.

Tuliagana naye njiani. Tunguu ya leo ni ya vyuo vikuu, cha Taifa cha Zanzibar na kile kinachoitwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, wanafunzi wenye mabegi mgongoni wakivuka barabara, na ofisi za serikali zinazozidi kuhamia. Sikwenda kutafuta kama kuna msingi wa zege uliobaki vichakani. Kituo kile hakikudumu. Mapinduzi yalifanyika Januari 12, 1964, siku iliyofuata manowari Manley ikawachukua Wamarekani waliokuwa kisiwani, na Aprili mwaka huo serikali ya Karume ikataka kituo kiondoke. Kazi yake ikahamishiwa Madagaska. Safari za Mercury zilikuwa zimekwisha mwaka uliotangulia, na waliokuja baadaye walisikilizwa kutoka huko.

Tulikaa chini ya mwembe tukanunua madafu. Nilimsomea mpwa wangu hesabu za kituo cha anga cha sasa, kilichoko kilomita 400 hivi juu, ambacho mwaka 2023 kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji yake: mvuke wa pumzi, jasho, mkojo, vyote vinasafishwa na kunywewa tena. Nilitegemea akunje uso. Akauliza zile asilimia mbili zinakwenda wapi, pampu zinaendeshwa na nini, na akija kuziba nani anazibua. Kisha akataka kujua kuhusu Mars, kwa kuwa kila mtu anaizungumzia. Tukapiga hesabu kwenye simu yake. Watu wanne, siku 1,000 kwenda, kukaa na kurudi, lita tatu kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia tu. Lita 12,000.

“Simtank mbili za elfu tano na moja ya elfu mbili. Mbona kidogo?”

Kuoga hakumo, nikamwambia. Kufua hakumo. Na chombo hakitapata boza njiani.

“Na karo?”

Nikamwambia karo ndilo hilo hilo tangi.

Alikunywa dafu lake akifikiri. Kitu kilichomgusa zaidi hakikuwa maji. Ni kwamba redio kutoka Mars huchukua hadi dakika 20 na ushei kufika duniani, kulingana na sayari zilivyokaa. Daktari wa Tunguu aliona moyo wa Glenn ukipiga palepale ulipokuwa ukipiga. Daktari wa mtu aliye Mars ataona moyo uliopiga tangu kabla hajaenda kunywa chai, na swali atakalouliza litachukua muda mwingine kama huo kufika. Yale maagizo ya bomba na utepe yaliyowaokoa Apollo 13 yalisomwa kwao kutoka chini, hatua kwa hatua, wakijibizana.

“Basi itabidi waende na daktari wao,” alisema mpwa wangu. “Na fundi wao.”

Nikamuuliza kama angekubali kazi hiyo. Akataka kujua kwanza wanalipa kwa siku au kwa kazi, na kama chakula ni juu yao. Daladala la mjini lilikuwa linakuja, tukainuka kulisimamisha.